Madaktari wawili, kifundo kimoja: nitobolewe mfupa au nipandikizwe gegedu la goti?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni fundi umeme, mwanamke wa miaka 34. Kazi yangu ni ngazi, dari na nyaya. Miaka mitatu iliyopita nilikosea kidato cha mwisho cha ngazi, kile ambacho mtu hukishuka bila kuangalia kwa sababu anaona ameshafika. Mguu wa kulia ukapinda kwa ndani, nikasikia kama kijiti kimekatika. Ukavimba mpaka kiatu kikagoma kuingia. Eksirei ikasema hakuna mfupa uliovunjika. Nikafungwa bandeji, nikapewa vidonge, baada ya wiki tatu nikarudi kazini.

Uvimbe uliisha, maumivu yakabaki. Siyo maumivu ya juu juu. Yako ndani kabisa ya kifundo, upande wa ndani wa mguu, mahali ambapo kidole hakifiki. Asubuhi nikikanyaga mara ya kwanza kifundo kimekaza kama bawaba yenye kutu, kikipata moto kinaachia, jioni kinavimba na kuuma upya. Kidato cha ngazi kikinikaa katikati ya wayo, kisigino kikining'inia, ndipo kunapowaka. Na mguu huohuo umeshateguka tena mara tatu, mara moja kwenye sakafu tambarare, sijabeba hata bisibisi.

Mwaka jana nilipimwa MRI. Nikaambiwa gegedu (lile tabaka laini linalofunika mfupa kiungoni) la mfupa unaoitwa talusi limeumia pamoja na mfupa ulio chini yake, shimo la milimita 9 kwa 8. Daktari wa mifupa akasema ni upasuaji mdogo: kamera inaingizwa kwa matundu mawili, gegedu bovu linakwanguliwa, mfupa unatobolewa vitundu ili damu itoke na gegedu jipya liote. Nilikuwa na kazi kubwa mkononi, nikaahirisha. Nikafanya fiziotherapia, nikavaa kishikizo cha kifundo, nikachomwa sindano moja ya kutuliza. Miezi 14 ikapita hivyo.

Mwezi uliopita nimekwenda kwa daktari mwingine. Yeye ameagiza kipimo cha CT, kikaonyesha shimo la milimita 12 kwa 10, kina cha milimita 8, na chini yake kuna kifuko cha maji ndani ya mfupa. Amesema kutoboa hakutanisaidia. Anataka kuchukua kipande cha gegedu pamoja na mfupa wake kutoka goti langu akipandikize kwenye kifundo, na ili afike huko lazima aikate ile nundu ya mfupa ya upande wa ndani wa kifundo, kisha airudishe kwa skrubu.

Daktari, goti langu ni zima. Nikubali kuliharibu kwa ajili ya kifundo kibovu? Mmoja anasema upasuaji mdogo, mwingine anasema mkubwa, nani mkweli? Binamu yangu anasema nisihangaike na hayo, nisubiri niwekewe kifundo cha bandia. Mwingine ananiambia kuna sindano ya damu yangu mwenyewe inayootesha gegedu. Ninachotaka mimi ni kupanda ngazi tena. (Navuta sigara tano kwa siku, kama hilo lina maana yoyote.)

Fundi Aliyebaki Chini

*

Marahaba, binti yangu, na pole sana.

Kabla hujauliza nani mkweli, zitoe picha zako mbili kwenye bahasha usome tarehe. Daktari wa kwanza alitazama shimo la milimita 9 kwa 8. Wa pili ametazama shimo la 12 kwa 10 lenye kifuko chini yake, miezi 14 baadaye, na katikati hapo umepanda ngazi kila siku. Hao hawajabishana. Kila mmoja amejibu swali aliloulizwa, na swali limebadilika. Inawezekana kabisa kwamba wote wawili walisema sawa, kila mmoja kwa siku yake.

Naongeza tahadhari moja hapo. MRI na CT hazisomi kitu kimoja. MRI huona gegedu na huona maji yaliyolowa kwenye mfupa uliochubuka, na maji hayo yanaweza kufanya jeraha lionekane pana kuliko lilivyo. CT haioni gegedu vizuri, lakini mfupa inauchora kwa kingo kali: hapa ndipo unapoishia, hapa kuna shimo, shimo lina kina hiki. Kwa kawaida tungetegemea MRI itoe namba kubwa zaidi. Kwako imekuwa kinyume, na ndiyo maana naelekea kuamini kwamba shimo limekua kweli. Eksirei ya siku ile ya kwanza usiilaumu sana. Majeraha mengi ya aina hii huipita bila kuonekana.

Sasa nikueleze jambo ambalo naona hakuna aliyekaa nawe akakueleza, maana ukilielewa hilo, upasuaji wote utajipanga wenyewe kichwani mwako.

Gegedu haliumi. Halina neva. Unaweza kulikwaruza, kulichana, kulikata, lenyewe halitoi sauti. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, ambao una neva nyingi. Talusi ni mfupa uliokaa kati ya muundi na kisigino, na uzito wako wote hupita juu yake. Karibu asilimia 60 ya uso wake umefunikwa na gegedu na hakuna msuli hata mmoja ulioshika pale, hivyo njia za damu kuingia ni chache na mfupa ukiumia hupona kwa kusitasita. Gegedu lenyewe la kifundo ni jembamba, la milimita moja au mbili tu. Siku ile ulipokosea kidato, talusi iligonga ukuta wa ndani wa kiungo, gegedu likapasuka na mfupa chini yake ukapondeka kidogo.

Kuna maelezo yanayokubalika na wengi kuhusu kilichofuata. Kila hatua unayokanyaga hubana ute wa kiungo, na ute ukikuta ufa kwenye gegedu na kwenye ganda la mfupa, husukumwa ndani kwa nguvu, kama bomba la sindano. Hatua moja si kitu. Lakini wewe unapiga maelfu kwa siku, na nyingine ukiwa umesimama kwenye kidato chembamba na mzigo begani. Ute ule huula mfupa taratibu mpaka unachimba kifuko. Kifuko hicho ndicho CT ilichokiona, na ndicho kinachowaka jioni.

Kwa hiyo ukimkalia daktari mbele ya meza, swali la kumuuliza ni hili: mfupa ulio chini ya shimo utaufanyia nini? Gegedu litajadiliwa baadaye.

Tuanze na ule upasuaji wa kutoboa, unaoitwa maikrofrakcha. Ulienezwa na daktari Richard Steadman huko Colorado, Marekani, miaka ya 1980, na ulianzia kwenye goti. Kamera inaingia, daktari anakwangua gegedu lote lililolegea mpaka kingo ziwe wima na imara, kisha kwa kijichuma chenye ncha anatoboa sakafu ya shimo, vitundu vilivyoachana milimita tatu au nne. Akipunguza presha ya maji ndani ya kiungo anaona vitone vya damu na mafuta ya uboho vikichungulia kwenye vitundu. Damu ile huganda, seli za uboho hujishika kwenye donge, na baada ya miezi shimo linafunikwa.

Linafunikwa na nini? Hapo ndipo neno “gegedu jipya” uliloambiwa linahitaji kusahihishwa. Kinachoota ni gegedu la kovu, lenye nyuzinyuzi, siyo lile laini la kuzaliwa nalo. Linaziba, linazuia ute usipenye, linapunguza maumivu, na watu wengi huishi nalo miaka mingi bila kulalamika. Lakini ni kiraka. Kiraka kidogo kilichozungukwa na kitambaa kizima hukaa. Kikiwa kipana, kingo hazikibebi. Mwaka 2009 uchunguzi mmoja uliofuatilia wagonjwa wengi waliotobolewa uliweka mpaka kwenye milimita za mraba 150, kwamba ukivuka hapo matokeo yanaharibika. Baadaye tafiti zikashusha mpaka huo kuelekea 100 na ushee, na jopo la kimataifa la wataalamu wa gegedu la kifundo lililokutana Pittsburgh mwaka 2017 lilisema kutoboa kunafaa zaidi shimo lisilozidi kipenyo cha milimita 10, eneo la milimita za mraba 100 na kina cha milimita 5.

Chukua namba zako. 12 mara 10 ni 120, lakini shimo si kisanduku, lina umbo la yai, kwa hiyo zidisha kwa 0.79 utapata kama 95. Kwa eneo upo ukingoni, bado ndani. Kwa urefu umevuka kidogo. Ila kwa kina, milimita 8, umevuka kabisa. Damu itakayovuja kwenye vitundu haiwezi kujenga mfupa wa kujaza pango la kina hicho. Itatandaza kovu juu ya uwazi, na uwazi utaendelea kuuma. Daktari wako wa pili hakukutisha bure.

Yeye anataka kupandikiza. Njia hii kwa jina la mosaikiplasti imebebwa sana na László Hangody wa Hungaria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo pia ilitoka kwenye goti. Daktari anachukua kitu kama kibomba chenye makali, anakigonga kwenye ukingo wa goti mahali pasipobeba uzito mkubwa, anatoa kijiti cha mviringo: juu gegedu halisi, chini mfupa halisi, vikiwa vimeshikana kama vilivyoumbwa. Kwenye talusi anatoboa shimo lenye kipimo kilekile, kifuko chote kikaondoka, halafu anakisukuma kijiti ndani mpaka uso wake ulingane na gegedu la jirani. Kikizidi hata milimita moja juu, kitasagika. Kikizama, hakitabeba. Kazi hii ni ya mkono na jicho, na mimi nisingempa mtu anayeifanya mara moja kwa mwaka.

Faida yake unaiona: mfupa unajazwa na mfupa, tena juu linakaa gegedu lenyewe, siyo kovu.

Hasara yake umeitaja mwenyewe: goti. Sitakuambia goti halitasikia. Tafiti zilizokusanya waliochukuliwa gegedu la goti kwa ajili ya kifundo hazikubaliani. Nyingine zinakuta kama mtu mmoja kati ya 15 akibaki na usumbufu wa goti, nyingine mmoja kati ya sita. Wengi usumbufu wao ni maumivu wakichuchumaa au wakipanda ngazi. Kwa karani hilo ni jambo la pembeni, kwako wewe ni kazi yenyewe. Mweleze daktari waziwazi kwamba unapanda ngazi ili aipime hatari hiyo kwa maisha yako, asiipime kwa mgonjwa wa kitabuni.

Kukatwa nundu kusikutishe kuliko kunavyostahili. Jeraha lako liko upande wa ndani, na majeraha ya upande huo yanaweza kukaa nyuma kidogo, chini ya paa la muundi, ambapo kibomba hakiwezi kuingia wima bila mlango kufunguliwa. Mfupa unakatwa kwa msumeno mwembamba, unakunjuliwa kama kifuniko, kazi ikiisha unarudishwa na skrubu mbili. Kwa kawaida unaunga. Mara chache huchelewa kuunga au huunga ukiwa umehama kidogo, na skrubu zikikera chini ya ngozi zinaweza kutolewa baadaye. Ukiona hiyo ni sababu ya wewe kutovuta sigara, hujakosea, nitairudia.

Sasa kuna njia ya tatu ambayo sikuisoma kwenye barua yako, na ningependa uitaje kwa daktari kabla goti halijaguswa. Kifuko kinasafishwa chote, pango linajazwa mfupa laini unaochotwa kwenye nyonga yako mwenyewe au kwenye muundi au kisigino, kisha juu unabandikwa utando wa kolajeni unaoshika damu ya uboho isimwagike na kuwapa seli mahali pa kukaa. Gegedu linaloota halifiki ubora wa lile la goti, lakini mfupa unapata haki yake na goti linabaki salama. Utaumwa nyonga kwa wiki kadhaa, basi. Kwa shimo kama lako na kazi kama yako, mimi ningeipa njia hii nafasi ya kusikilizwa sawasawa na ile ya goti. Siyo kila hospitali ina utando huo, wala siyo kila daktari ameuzoea, na aliyezoea njia moja huwa anaisifia hiyohiyo. Mzoefu wa njia iliyo ya pili kwa ubora ni afadhali kwako kuliko mwanafunzi wa njia iliyo bora kuliko zote.

Zipo nyingine nitazipita haraka. Kuotesha seli za gegedu maabara na kuzirudisha kiungoni kulitangazwa na Wasweden mwaka 1994, tena kwenye goti. Kunataka upasuaji mara mbili katika njia ya asili na ni ghali mno, na kwa shimo lenye kifuko bado utahitaji mfupa wa kujazia. Kupandikiza kipande cha talusi ya mtu aliyefariki ni kwa mashimo makubwa yaliyomeza ukingo mzima wa mfupa. Lako halijafika huko. Kutoboa kwa nyuma, kupitia ndani ya mfupa bila kugusa gegedu, ni kwa mtu ambaye gegedu lake juu bado ni zima. Na kubana kipande kilicholegea kwa pini ni kwa jeraha jipya lenye kipande kizuri cha mfupa, jambo ambalo pengine lingewezekana mwaka ule wa kwanza. Hilo nalisema kwa wasomaji wengine, siyo kukusimanga.

Umeuliza nani mkweli, ukitaka nikuambie upasuaji upi ni bora. Madaktari wa Amsterdam walikusanya tafiti zote walizozipata, wakachapisha mwaka 2010: kutoboa mfupa kulifaulu kwa asilimia 85, kupandikiza kwa 87, seli za maabara 76, na kupumzisha mguu bila upasuaji 45. Ukizitazama hivihivi utasema kutoboa na kupandikiza ni mamoja, basi nichague kilicho kidogo. Lakini hao asilimia 85 wengi walikuwa na mashimo madogo, na hao 87 wengi walipandikizwa kwa sababu mashimo yao yalikuwa makubwa au kutoboa kulishafeli. Ni kama kulinganisha fundi anayeziba nyufa na fundi anayejenga ukuta ulioanguka kwa kuhesabu wateja waliofurahi. Mwaka 2018 kundi hilohilo lilirudia kazi hiyo kwa majeraha ya mara ya kwanza, likahitimisha kwamba hakuna njia iliyozishinda nyingine zote. Jaribio lililowagawa watu kwa bahati nasibu lilishafanywa, mwaka 2006, vifundo 33 tu, njia tatu, tofauti haikuonekana. Vifundo 33 ni vichache mno kumaliza ubishi.

Kwa hiyo anayekuambia “hii ndiyo ya kisasa, hizo nyingine zimepitwa” anakuuzia. Ila hoja moja ya upande wa upasuaji mdogo ina uzito, sitaificha: ukitobolewa ikashindikana, mlango wa kupandikiza unabaki wazi. Ukianza na kubwa ikashindikana, njia zilizobaki ni nyembamba. Shimo lako lingekuwa na kina cha milimita nne ningekuambia anza na dogo bila kuwaza mara mbili. Kwa milimita nane naona utalipia upasuaji mmoja ili ufike kwenye mwingine.

Sindano za damu yako mwenyewe. Mwaka 2021 Waholanzi walichapisha jaribio la watu 100 wenye kifundo kilichosagika. Nusu walichomwa sindano hiyo, nusu maji ya chumvi, hakuna aliyejua amechomwa nini. Baada ya wiki 26 makundi yote mawili yalikuwa sawa. Ugonjwa wao si uleule wako, lakini hakuna sindano inayojaza pango kwenye mfupa. Usiiwekee akiba yako.

Na binamu yako mwambie asante, ila amechanganya mambo mawili. Kifundo cha bandia, au kuunganisha kiungo kisipinde tena, ni kwa kiungo ambacho gegedu lote limekwisha. Jaribio kubwa la Uingereza lililolinganisha njia hizo mbili, matokeo yake yakatoka mwaka 2022, liliwachukua watu wa miaka 50 hadi 85. Wewe una miaka 34 na sehemu kubwa ya gegedu lako ni nzima. Kazi iliyo mbele ni kulilinda hilo lililobaki, siyo kulisubiri liishe.

Sasa jambo linalonisumbua katika barua yako kuliko hata kifuko. Umeteguka mara tatu tena, mara moja kwenye sakafu tambarare. Mguu haupindi wenyewe kwenye sakafu tambarare. Kano za upande wa nje (kamba zinazoshikilia mifupa ya kiungo) zinaelekea kulegea tangu siku ya ngazi, na hakuna daktari kati ya hao wawili uliyemtaja akizipima. Kuzipima ni dakika moja: unakaa miguu ikining'inia, daktari anashika muundi kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, anakivuta kisigino mbele, kisha anakipindua ndani, halafu anafanya hivyohivyo mguu wa pili na kulinganisha. Kama kulia kunateleza mbele kama droo na kushoto kumekaza, umepata jibu. Ukipandikizwa kijiti kizuri kuliko vyote ndani ya kifundo kinachoyumba, kitapigwa palepale lilipopigwa gegedu la kwanza. Kano zinaweza kukazwa siku hiyohiyo ya upasuaji. Daktari Lars Broström alieleza namna ya kuzishona tangu 1966 na bado ndiyo inayofuatwa. Mwombe pia akutazame kisigino kwa nyuma ukiwa umesimama peku. Kikiwa kimeinamia ndani, uzito mwingi zaidi unashukia kwenye jeraha lako, na huenda kikahitaji kunyooshwa.

Sigara tano: ndiyo, zina maana. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na nimeshakuambia talusi ina damu ya kubahatisha. Nundu iliyokatwa inatakiwa kuunga, mfupa uliopandikizwa unatakiwa kushika. Acha kabisa angalau wiki sita kabla ya upasuaji na usirudi mpaka mfupa uonekane umeunga. Wapo madaktari wanaokataa kupandikiza mvutaji, nami siwalaumu.

Kuhusu muda. Ukitobolewa tu, magongo wiki mbili hadi sita kutegemea daktari, na michezo baada ya miezi minne hadi sita. Ukikatwa nundu, hesabu wiki sita bila kukanyaga, mpaka picha ionyeshe mfupa umeshika, ingawa kifundo kitaanza kuchezeshwa mapema zaidi, maana gegedu hulishwa na ute na ute husambazwa na mwendo. Kisha buti gumu, kisha fiziotherapia ya kusimama kwa mguu mmoja, kwanza ukiwa umefumbua macho, baadaye umefumba. Kazi ya chini utaifanya kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Ngazi iwekee miezi sita, na usishangae ikiwa tisa. Kufa ganzi kidogo kwenye mgongo wa mguu hutokea na mara nyingi huisha. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, ukishikwa na homa, kidonda kikitoa majimaji, au pumzi ikikata ghafla, usisubiri siku ya miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sijakushika mguu wala sijaziona picha, kwa hiyo chukua haya kama ya kwenda nayo mezani. Rudi kwa daktari wa pili na picha zote mbili, muombe aziweke kando kwa kando akuonyeshe mfupa unapoishia. Muulize vijiti vya goti vingapi anadhani atahitaji. Kimoja si sawa na vitatu. Muulize mfupa wa nyonga na utando kwa nini hakuutaja. Kano amezionaje. Na upasuaji huu anaufanya mara ngapi kwa mwaka. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hilo. Ikibidi, mpelekee CT hiyo daktari wa kwanza pia. Sitashangaa naye akibadili kauli.

Mpaka siku hiyo, binti yangu, vaa kile kishikizo, ngazi apande msaidizi wako, wewe mshikie chini umwelekeze. Ukishapimwa kano, niandikie zilikutwaje.